Njiani kwenda Lipangalala: usiku mmoja chini ya Udzungwa

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam zenye asili ya Bonde la Kilombero, safari ya kwenda nyumbani ni jambo la kuvumilia zaidi kuliko la kufurahia. Mtu hupanda basi baada ya Alfajiri, hulala hadi Morogoro, huamka Mikumi akatazama twiga wawili watatu, kisha hulala tena mpaka kondakta atakapoita Ifakara. Katika usingizi huo hupitwa na jambo kubwa. Tangu Kidatu, upande wa kulia wa barabara, husimama ukuta wa milima iliyovikwa msitu kuanzia miguuni hadi mawinguni, na katikati yake maji ya Sanje yakianguka kama kitambaa cheupe kilichoanikwa jabalini. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuitazama milima hiyo. Sisi ambao kwetu ni chini yake tumeipita mwaka hadi mwaka, tukienda harusini na tukienda mazishini, bila ya kushuka garini.

Katika likizo ya Juni, familia tatu za ukoo mmoja tulikubaliana kushuka. Jumla yetu tulikuwa watu 17, watu wazima 8 na watoto 9, na mwisho wa safari yetu ulikuwa Lipangalala, kata ya mji wa Ifakara, alikozikwa Babu na anakoishi Bibi. Tuliamua kwamba kabla ya kufika huko tungelala usiku mmoja katika mahema pale Mang'ula, kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kisha asubuhi yake tumalizie kilomita zipatazo 45 zilizobaki.

Habari hiyo ilipofika Lipangalala haikupokewa vizuri. Bibi alisema kwenye simu maneno ambayo sote tuliyasikia, kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu: "Nyumba yenu ipo, vitanda vipo, mimi nipo. Mnalala porini kama watu waliofukuzwa?" Kisha akaongeza hoja iliyotufunga midomo. Alitukumbusha mafundisho ya Mtume wetu (SAW), kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba msafiri akishamaliza haja yake na aharakishe kurudi kwa watu wake. "Na watu wenu," akauliza, "wako Mang'ula au wako Lipangalala?"

Mjadala huo ulichukua siku tatu. Baadhi yetu waliona tufute usiku wa msituni, kwa kuwa hakuna mandhari inayofaa kununuliwa kwa uchungu wa mzazi. Wengine waliona kwamba watoto wetu, waliozaliwa na kukulia Temeke na Mbagala, wanakua wakidhani kwao ni mji wa vumbi na mbu tu, na kwamba deni hilo nalo ni la wazazi. Aliyelitatua jambo hilo ni mjomba wetu wa Ifakara. Alisema kwa utulivu: "Ikiwa msafiri aharakishe kwa watu wake, basi watu wake nao wanaweza kumlaki njiani." Akaahidi kumleta Bibi Mang'ula. Bibi hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema tu kwamba msitu ule anaufahamu, na kwamba yeye alipokuwa akiingia hapakuwa na mtu wa kumuuliza tiketi.

Tulikodi Coaster. Katika nchi nyingine familia husafiri kwa gari-nyumba, lenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, nalo huegeshwa popote jua linapozama. Sisi tuliifanya Coaster iwe nyumba kwa namna yetu: viti vya nyuma vikabeba mahema manne ya kuazima, magodoro yaliyokunjwa, turubai, mtungi mdogo wa gesi, sufuria tatu, ndoo zenye vifuniko, birika za kutawadhia, mikeka na vyandarua. Kuku tuliwachinja wenyewe usiku wa kuamkia safari na kuwakaanga, ili pasiwe na haja ya kuulizana njiani juu ya nyama ya hoteli. Na kwa kuwa Mtume (SAW) ameelekeza kwamba wasafiri wakiwa watatu wamteue mmoja wao kuwa amiri, nasi tulimteua wetu, mzee wa makamo mwenye maneno machache. Watoto waliambiwa kwamba kuanzia mlangoni mpaka Lipangalala, neno lake ndilo la mwisho hata kwa baba zao. Jambo hilo liliwafurahisha mno.

Tuliondoka saa 12 kasorobo asubuhi, baada ya Alfajiri na dua ya safari. Kibaha na Mlandizi tulizipita kukiwa bado na ubaridi. Chalinze, inapochepuka njia ya Tanga, tulikunywa chai kwa maandazi yetu. Barabara hiyo ni mshipa wa nchi kadhaa, na malori ya Zambia na Kongo huifuata usiku na mchana, hivyo mwendo wa gari dogo hutegemea subira ya dereva. Saa 4 tulikuwa Morogoro, chini ya Uluguru, ambako tulijaza mafuta na watoto wakanyoosha miguu.

Kutoka Morogoro hadi mpakani mwa Hifadhi ya Mikumi mazungumzo yalipungua na usingizi ukaanza kuwachukua watu. Amiri aliagiza watoto waamshwe. Barabara kuu inaikata hifadhi hiyo kwa kilomita zipatazo 50, nayo imekuwapo kama hifadhi tangu mwaka 1964. Kuna matuta ya kupunguza mwendo, na bango linaloorodhesha faini ya kugonga kila aina ya mnyama. Watoto walilisoma bango hilo kwa sauti, wakashangaa kwamba uhai wa mnyama wa porini umeandikiwa bei. Mmoja wao akauliza ikiwa mbuzi wa Mbagala naye ana faini. Tuliwaona pundamilia, swala, na tembo watatu waliosimama mbali chini ya mti. Hatukushuka wala hatukutupa hata ganda la ndizi nje ya dirisha. Mfuko wa taka ulitundikwa kwenye kiti cha kondakta tangu Dar, na mtoto mkubwa ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

Mikumi mjini tulifika saa 7 kasoro. Hapo tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili, katika msikiti ulio karibu na barabara. Watoto wawili walikuwa hawajapata kuiona ruhusa hiyo ikitumiwa. Walidhani imamu amesahau, wakatazamana. Baada ya swala amiri aliwaeleza kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa wasafiri, na kwamba sadaka ya Mola haikataliwi. Somo hilo la dakika tano liliwaingia kuliko darasa zima, kwa sababu walikuwa wamechoka kweli na walihisi kwa miili yao kilichopunguzwa.

Mikumi ndipo njia ya Kilombero inapoiacha barabara kuu na kuelekea kusini. Milima husogea pande zote mbili, barabara hupinda, kisha ghafla unaliona daraja na chini yake Mto Ruaha Mkuu. Hapa Kidatu, maji ya mto huo yamekuwa yakifua umeme tangu mwaka 1975, katika kituo chenye uwezo wa megawati 204. Taa nyingi tulizozisomea utotoni mwetu Dar es Salaam ziliwashwa na maji yaliyo jirani na nyumbani kwa Bibi, wakati Bibi mwenyewe akitumia kibatari.

Baada ya daraja huanza miwa, kushoto na kulia, mirefu kuliko gari. Juni ni mwanzo wa msimu wa kuvuna, na matrekta yenye matela yaliyosheheni miwa yalikuwa yakipita polepole mbele yetu. Barabara hii ya Kidatu hadi Ifakara, yenye kilomita zipatazo 67, kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na wazee wetu walikuwa wakiihesabu kwa siku badala ya saa. Leo ina lami. Tulikuwa tumeanza kusema kwamba tungefika kabla ya saa 10, na kwamba Bibi angetukuta tumekwisha kusimamisha mahema.

Tulipoipita Mkamba, gurudumu la nyuma lilipasuka.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Dereva alilidhibiti gari likasimama pembeni, tukashuka wote. Gurudumu la akiba lilipotolewa lilikutwa halina upepo wa kutosha, na waliotukodisha gari hawakupokea simu. Ilikuwa saa 9 na dakika 20. Mbele yetu kulikuwa na kilomita chache tu, lakini kwa watu 17 wenye mizigo, kilomita chache zisizo na gari ni nyingi. Wazo la kwanza lilikuwa kusimamisha basi linalokwenda Ifakara, wanawake na watoto watangulie moja kwa moja mpaka Lipangalala, na mambo ya msitu yaishie hapo. Wapo walioliunga mkono wazo hilo kwa haraka, na tuliona wazi kwamba hawakuwa wamependa safari ya mahema tangu mwanzo.

Amiri alitusikiliza sote, kisha akauliza swali moja: "Bibi yuko wapi sasa?" Mjomba alipopigiwa simu alijibu kwamba walikwisha kuondoka Ifakara kwa basi dogo, nao wako Kiberege, wanakuja. Basi hapakuwa tena na la kujadili. Mama mwenye umri wa miaka sabini na zaidi, aliyeupinga mpango, alikuwa ameuanza kabla yetu. Kijana mmoja wa bodaboda alilipakia gurudumu akalipeleka kwa fundi pancha wa kijijini, na sisi tukatandika mikeka kwenye kivuli cha miwa.

Saa mbili za kungoja huko zilikuwa sehemu ya safari ambayo watoto huisimulia mpaka leo. Mmoja wao aliingia shambani na kurudi akiwa ameshika muwa mmoja. Shangazi yake alimwuliza: "Umeuomba kwa nani?" Mtoto akasema iko mingi. Akaambiwa aende akaurudishe palepale alipoukata, nasi tukamwona akijaribu kuusimamisha kwenye kisiki chake, ukianguka na kusimamishwa tena. Mama mmoja aliyekuwa akipita kwa baiskeli alishuka akacheka mpaka akashika tumbo. Shamba lilikuwa lake, kwa kuwa ni mmoja wa wakulima wadogo wanaokiuzia kiwanda miwa. Alikata mingine minne, akasema: "Huu mmoja nakuhalalishia, na hii ni zawadi." Watoto walitafuna miwa huku treni ya TAZARA ikisikika kwa mbali. Tukapata nafasi ya kuwasimulia kwamba reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na kwamba marehemu Babu yao alikuwa kibarua katika ujenzi wake akiwa kijana, akibeba kokoto humu humu bondeni. Hawakuwa wamewahi kulisikia hilo. Nasi hatukuwa tumewahi kukaa na kuwasimulia.

Tuliondoka saa 11 na dakika 20. Baada ya dakika chache, mtoto mmoja alipiga kelele, na mara hii hakuna aliyekuwa amelala. Yalikuwa maporomoko ya Sanje. Maji hayo huanguka kwa jumla ya mita 170, na ukiwa barabarani huyasikii; unauona weupe tu juu ya kijani kibichi, umetulia kama usiotembea.

Langoni Mang'ula tulimkuta Bibi. Alikuwa ameketi juu ya mkeka wake mwenyewe, amejifunga kanga mbili, sufuria kubwa ya wali ikiwa pembeni imefunikwa kwa sinia, na kapu la perege na kitoga wa kukaushwa. Mchele ulikuwa supa wa shambani kwake. Watoto walimkimbilia, wakamshika mikono, "Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi." Aliitikia kila mmoja kwa jina lake, kisha akatugeukia watu wazima na kusema: "Mmechelewa nyumbani kwenu." Hapo tulijua kwamba ametusamehe.

Taratibu za lango zilichukua muda. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, na Mtanzania hulipa kiasi nafuu kuliko mgeni wa nje. Jua la Mang'ula huzama mapema nyuma ya milima, nasi tulipokuwa tukisimamisha mahema bonde lote lilikuwa limeingia kivuli. Watoto walidhani Magharibi imeingia. Amiri aliwaonyesha mashariki, ambako mwanga wa jua ulikuwa bado umelala juu ya tambarare za mbali, akawaambia kwamba mlima hauna mamlaka ya kuleta usiku. Wakati ulipoingia kwa hakika tulielekea kibla, ambayo kwa mtu aliyeko Kilombero ni kaskazini kwa kuinamia mashariki kidogo, tukaswali. Maghrib ikabaki na rakaa zake tatu; kisha sisi tukasimama kwa Isha, rakaa mbili. Bibi, ambaye masafa yake kutoka Lipangalala hayakufikia ya kupunguza wala kukusanya, alibaki juu ya msala akivuta tasbihi mpaka wakati wa Isha ulipoingia, akaswali nne zake. Mahema mawili yalikuwa ya wanawake na watoto wadogo, mawili ya wanaume na wavulana, na katikati tukatandika turubai la kulia chakula.

Katika kambi hiyo kulikuwa na gari-nyumba moja la wasafiri wawili wazee kutoka Ulaya, kubwa kama lori, lenye ngazi, dirisha la jikoni na taa yake. Watoto walilitazama kwa hamu. Bibi alilizunguka taratibu, akawasalimu wenyewe kwa Kiswahili wakamjibu kwa Kiswahili chao cha kitabuni, kisha akawapelekea sahani ya wali na samaki. Aliporudi alisema: "Hawa wamebeba nyumba yote, wakasahau kubeba watu." Hakusema kwa dhihaka. Baadaye kidogo wale wazee walikuja kurudisha sahani ikiwa imejazwa matunda, wakaketi nasi hadi chai ya mwisho.

Usiku ule msitu ulikuwa na kelele ambazo mtu wa mjini hawezi kuzikadiria. Perere, mnyama mdogo asiyezidi sungura mkubwa, hulia juu ya miti kwa sauti ya kukwaruza inayopanda na kupanda mpaka unadhani kuna kiumbe anayekabwa. Mtoto wa miaka sita alilia. Bibi alimvuta kwenye kanga yake akamwambia huyo ni jirani tu anasoma uradi wake, na kwamba yeye amelala na sauti hiyo utoto wake wote. Ndipo tulipokumbuka jambo tulilokuwa tukilijua bila ya kulifikiri. Bibi si mzaliwa wa Lipangalala. Alizaliwa Sanje, chini ya maporomoko, akaolewa Lipangalala.

Asubuhi yake mbega wekundu waliruka juu ya mahema yetu wakati wa chai. Mbega hao hawapatikani mahali pengine popote duniani ila katika Udzungwa na maeneo ya jirani. Kupanda Sanje kwa miguu ni kazi ya saa kadhaa, isiyomfaa mzee, hivyo tulichagua njia fupi inayoanzia karibu na lango na kuishia kwenye maporomoko madogo yanayoitwa kwa jina la Prince Bernhard. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na haina barabara za magari ndani yake. Tajiri na maskini wote huingia kwa miguu. Kiongozi wetu, kijana wa palepale Mang'ula, alimpa Bibi fimbo na kupunguza mwendo kwa ajili yake bila ya kuambiwa.

Njiani alitueleza juu ya ngolaga, yule nyani mwembamba wa kijivu ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979, na ambaye vitabuni ameitwa kwa jina la Sanje. Bibi alisimama. "Wamemtambua 79?" akauliza. "Mimi mama yangu alikuwa akinituma kumfukuza mahindini kabla sijavunja ungo." Kijana alicheka kwa adabu, akakiri kwamba hata jina hilo la ngolaga wataalamu walilipata kwa wanakijiji.

Kisha Bibi aliuliza swali lililonyamazisha kicheko. Alitaka kujua kuhusu kuni. Katika ujana wake wanawake wa Sanje waliingia humu kwa kamba na mzigo wa kichwani. Baada ya hifadhi kuanzishwa, wanawake wa vijiji vya pembezoni waliendelea kuruhusiwa kuokota kuni kavu siku maalumu ya wiki, mpaka ruhusa hiyo ilipoondolewa mwaka 2011. Mdogo wake anayeishi Sanje tangu hapo hununua mkaa, au huchanja matawi ya miti aliyoipanda mwenyewe. "Waliokatazwa," Bibi akauliza, "walipewa nini?" Kijana hakujitetea. Alisema kwamba mama yake naye alikuwa miongoni mwa wanawake hao. Kwamba walihimizwa kupanda miti na kutumia majiko banifu. Kwamba wapo walionufaika na wapo waliobaki na moshi na gharama. Kisha akaongeza: "Lakini Bibi, vijiji vimekuwa vingi na watu wengi. Kama kila nyumba ingeingia humu leo, watoto hawa wangekuja kutazama nini?" Bibi alimtazama kwa muda, akasema, "Maneno yako ni ya kweli, na ya kwangu ni ya kweli," akaendelea kutembea.

Sisi tuliokuwa nyuma yao tuliyabeba maneno hayo. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kuusifu msitu, kwa kuwa haukumgharimu kitu zaidi ya kiingilio. Mwenyezi Mungu ametufanya makhalifa katika ardhi, na ukhalifa huo una pande mbili: kuilinda amana, na kumfanyia uadilifu aliyeachia haki yake ili amana ilindwe. Mwanamke wa Sanje anayepikia kuni za kununua analipa sehemu ya gharama ya maji yanayotiririka mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya watu asiowajua. Asipotajwa, basi shukurani yetu kwa milima hii ina upungufu.

Kwenye maporomoko watoto waliingia majini mpaka magotini. Bibi alitawadha kwa maji hayo bila ya kuwa na swala ya wakati huo, akasema ni kwa ajili ya baraka ya udhu tu, akaketi juu ya jiwe. Alikaa kimya muda mrefu, nasi hatukumsemesha.

Mchana tulishuka kuelekea Ifakara, tukizipita Kiberege, Signali na Kibaoni, milima ikirudi nyuma na anga likipanuka. Hapa bonde huwa tambarare kubwa ya maji na mpunga. Ardhi oevu yake yenye kilomita za mraba 7,967 imetambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002. Zamani aliyekuwa akiendelea Mahenge alisubiri kivuko. Tangu mwaka 2018 Mto Kilombero una daraja. Lakini sisi mwisho wetu ulikuwa Lipangalala. Tulipoingia na kunuia kukaa wiki mbili, ruhusa ya safari ilikoma, na Alasiri tukaiswali nne kamili katika msikiti wa mtaa, tukiwa bega kwa bega na watu waliotuuliza kwa nini tumechelewa siku moja.

Jioni watoto walipelekwa kuutazama Mto Lumemo, ambao hushuka kutoka milima ileile. Ulikuwa mdogo na mpole, wa kuvukwa kwa kukunja suruali. Bibi aliwarudisha nyumbani akawaonyesha ukuta wa chumba cha uani, wenye mstari wa udongo usiofutika, juu ya kimo cha mtoto wa miaka sita. Ni alama ya maji ya masika ya mwaka 2024. Mtoto mmoja akauliza ikiwa hayo ndiyo maji waliyoyachezea asubuhi. "Yale ya Mang'ula yamepita njia nyingine," Bibi akamjibu, "lakini mama yao ni mmoja. Mlima ukiwa na nguo, maji huja yakitembea. Ukiwa uchi, huja yakikimbia."

Kwa familia zinazopita barabara hiyo kila mwaka, shauri letu ni fupi. Shukeni Mang'ula hata kwa saa tatu. Pangeni mapema, kagueni gurudumu la akiba kabla ya kuondoka, chukueni vyandarua, chakula chenu cha halali na maji ya kutosha. Na kama nyumbani yupo mzee, mwiteni aje awalaki huko, kwa kuwa kiongozi wa hifadhi atawaeleza majina ya wanyama, lakini ni mzee atakayewaeleza ninyi ni nani mahali hapo.

Bibi amekwisha kutoa agizo la mwakani. Anataka usiku mmoja Sanje, pamoja na mdogo wake, na ametuomba tumletee mdogo wake huyo mtungi wa gesi kutoka Dar es Salaam. Inshaallah tutaubeba kwenye viti vya nyuma, pamoja na mahema.